Nani Ameshika Mlango? Uteuzi wa Wagombea Urais nchini Marekani



 

Kila baada ya miaka minne, Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, wengi wetu hukesha. Tunakaa mbele ya televisheni tukiangalia ramani ya Marekani ikijaa rangi nyekundu na buluu, tukihesabu kama fulani amefikisha kura 270 za wajumbe kati ya 538. Mwaka 2008 tulikesha kuliko mwaka mwingine wowote, na Kenya ikatangaza siku ya mapumziko kwa ushindi wa Barack Obama. Ni haki yetu kukesha. Lakini nataka kuwaonyesha kwamba usiku ule wa Novemba sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha. Mpigakura wa Marekani anapoingia kituoni anakuta majina mawili yenye nafasi ya kushinda, na majina hayo yamewekwa pale na watu wengine, kwa kanuni nyingine, miezi mingi nyuma.

Kusudi la mhadhara huu ni moja: kueleza nani amekuwa akiteua wagombea urais wa Marekani tangu taifa lile lianze, na kwa nini vita vikali kabisa vya siasa zao vimepiganwa kwenye mlango wa uteuzi kabla hata kampeni yenyewe haijaanza. Nitakuwa na hoja sita. Hazilingani kwa urefu, kwa sababu hazilingani kwa uzito. Wanaotarajia nizungumzie mfumo wa kura za wajumbe wenyewe wataniwia radhi. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Hoja ya kwanza: mlango huu haumo katika Katiba

Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 haitaji vyama vya siasa hata mara moja. Waasisi walitumaini taifa lingeongozwa bila vyama. George Washington alichaguliwa mara mbili bila mpinzani wa kweli, na alipoondoka matumaini hayo yakaondoka naye. Vyama vikazuka, na vyama vikihitaji wagombea, ikabidi apatikane wa kuwateua. Waliojitwalia kazi hiyo walikuwa wabunge. Wabunge na maseneta wa chama kimoja walikutana faraghani mjini Washington, wakakubaliana jina, wakalitangaza.

Utaratibu huo ulivunjika mwaka 1824. Kikao cha wabunge kilimteua William Crawford wa Georgia, waziri wa fedha, mtu aliyekuwa amepigwa na kiharusi mwaka mmoja kabla. Waliohudhuria kikao walikuwa 66 tu, chini ya theluthi moja ya wabunge wote. Wengine walisusa, na wagombea wengine watatu wakaingia uwanjani bila baraka za kikao. Andrew Jackson akapata kura 99 za wajumbe, John Quincy Adams 84, Crawford 41, Henry Clay 37. Hakuna aliyepata nusu, suala likaenda Baraza la Wawakilishi, na Baraza likampa urais Adams. Adams akamfanya Clay waziri wa mambo ya nje. Wafuasi wa Jackson walilia kwamba wameibiwa, wakalia miaka minne mfululizo, na mwaka 1828 kilio hicho kikamwingiza Jackson Ikulu.

Baada ya hapo hapakuwa na mwanasiasa aliyethubutu kutetea vikao vya wabunge. Chama kidogo kilichojengwa juu ya kuwapinga Wamasoni kiliitisha mkutano mkuu wa uteuzi mjini Baltimore mwaka 1831, na Chama cha Democratic kikafuata mfano huo katika mji huohuo mwaka 1832. Wajumbe kutoka majimboni, ukumbi mmoja, kura kwa sauti: ndivyo ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata.

Hoja ya pili: mkutano mkuu ulikuwa na akili yake

Wengi wakisikia habari za mikutano mikuu ya zamani hufikiria moshi wa sigara na mabwana wenye matumbo makubwa wakigawana vyeo hotelini. Picha hiyo si ya uongo. Lakini naomba tutazame mkutano mmoja kwa karibu kabla hatujaulaani utaratibu wote.

Ni Mei 1860, mji wa Chicago. Chama cha Republican, chenye umri wa miaka sita tu, kimejengewa ukumbi mkubwa wa mbao uitwao Wigwam, unaomeza watu elfu kumi hivi. Anayetarajiwa kushinda ni William Seward, seneta wa New York na gavana wa zamani, jina kubwa kuliko yote chamani. Abraham Lincoln ni wakili wa Illinois aliyewahi kuwa mbunge kwa kipindi kimoja, na aliyeshindwa kupata kiti cha useneta miaka miwili nyuma. Mwenyewe hayupo ukumbini. Yuko Springfield, kama desturi ilivyotaka, akisubiri habari kwa telegrafu.

Waliokuwapo ni marafiki zake, wakiongozwa na jaji David Davis. Kazi yao usiku na mchana ilikuwa kupita kwa wajumbe wa Indiana, Pennsylvania, Illinois na New Jersey. Kwa nini majimbo hayo? Kwa sababu chama kilikuwa kimeyapoteza yote manne mwaka 1856, na bila kuyapata kisingeweza kushinda. Wajumbe wa huko waliogopa kwamba Seward alishasema makali mengi mno juu ya utumwa, wakawa wanatafuta mtu mwenye msimamo uleule na maadui wachache. Hoja ya Davis ilikuwa nyepesi: mtu wetu asiwe chaguo la kwanza la wengi, awe chaguo la pili la wote.

Duru ya kwanza Seward alipata kura 173 na nusu, Lincoln 102. Zilihitajika 233. Duru ya pili Seward 184 na nusu, Lincoln 181. Duru ya tatu Lincoln akafika 231 na nusu, akabakiza kura moja na nusu. Mjumbe mmoja wa Ohio akasimama juu ya kiti chake akatangaza kwamba jimbo lake linahamisha kura nne. Basi. Ukumbi ukalipuka.

Lincoln alikuwa amewatumia ujumbe wasifunge makubaliano ya kumbana. Hata hivyo, alipoingia Ikulu, Simon Cameron wa Pennsylvania akawa waziri wa vita na Caleb Smith wa Indiana akawa waziri wa mambo ya ndani. Mnaweza kuuita uchafu, na sitawapinga sana. Lakini uchafu huo ndio uliompitisha mtu ambaye chini ya uongozi wake utumwa ulifika mwisho, na kura za wananchi wa chama zingepigwa siku ile, nina hakika kubwa angepita Seward. Wajumbe walikuwa wanafahamiana, walibadilisha mawazo kati ya duru na duru, na walipima Novemba wakiwa bado Mei. Hiyo ndiyo akili ninayoizungumzia.

Mkutano mkuu ulikuwa pia na upumbavu wake, na sina haja ya kuuficha. Mwaka 1924, New York, Chama cha Democratic kilipiga kura duru 103 kabla ya kupata mgombea, kwa sababu kanuni yao ilidai theluthi mbili ya wajumbe. Chama kiligawanyika vipande viwili kuhusu kundi la Ku Klux Klan. Hoja ya kulilaani kwa jina lake ilikataliwa kwa tofauti ndogo kabisa ya kura. Nchi nzima ilisikiliza fedheha hiyo kwenye redio. Aliyepatikana mwishoni, John W. Davis, alishindwa vibaya na Calvin Coolidge.

Hoja ya tatu: kuwapa wananchi kura si kuwapa wananchi wote

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanamageuzi walisema: mabwana wa vyama wamezidi, tuwaachie wanachama wenyewe wapige kura za mchujo. Gavana Robert La Follette wa Wisconsin alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo mbele. Kwa urais, jaribio kubwa la kwanza lilikuja mwaka 1912. Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alimpinga rais aliyekuwa madarakani, William Howard Taft, ndani ya chama chao cha Republican. Roosevelt akashinda michujo tisa, ikiwamo ya Ohio, nyumbani kwa Taft. Na uteuzi akapewa Taft, kwa kuwa majimbo mengi hayakuwa na mchujo na mitambo ya chama ilikuwa mikononi mwa Ikulu. Roosevelt akatoka na kuunda chama chake, kura zikagawanyika, na Woodrow Wilson wa Democratic akapita.

Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana kwetu, na ambalo linaniuma kila ninapolisoma, ni jinsi mchujo ulivyotumika katika majimbo ya Kusini.

Kule Kusini chama kilikuwa kimoja tu chenye uhai, Democratic. Aliyeshinda mchujo wa Democratic alikuwa ameshashinda uchaguzi. Novemba ilikuwa kutimiza utaratibu. Kwa hiyo ukimzuia mtu asiingie katika mchujo, umemnyang'anya kura yake yote huku ukimwachia karatasi ya kura ya Novemba mkononi ili dunia ione anayo. Mwaka 1923 jimbo la Texas lilitunga sheria ya wazi kabisa: mtu mweusi haruhusiwi kupiga kura katika mchujo wa Democratic. Daktari mmoja wa mji wa El Paso, Lawrence Nixon, akaenda mahakamani, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa sheria ile. Texas ikabadilisha kauli: sheria haitamzuia mtu, kamati ya chama ndiyo itaamua nani ni mwanachama. Dakta Nixon akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 1932. Texas ikabadilisha tena: safari hii si kamati, ni mkutano mkuu wa chama wenyewe, na chama ni klabu ya watu binafsi. Mwaka 1935 Mahakama Kuu ikalikubali hilo.

Naomba mtulie kidogo hapo. Nchi nzima iliambiwa kwamba mahali anapopatikana rais, gavana na seneta ni klabu ya watu binafsi.

Mwaka 1944 kesi nyingine ilifika, ya daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall. Kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, Mahakama ikageuza uamuzi wake wa 1935: mchujo ni sehemu ya uchaguzi wa umma, na chama hakiwezi kujificha nyuma ya neno klabu. Marshall alishinda kesi nyingi baadaye, ikiwamo ile kubwa ya shule mwaka 1954, na mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu.

Wanafunzi mnaoandika kule nyuma, ongezeni jambo hili. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwomba Marshall huyuhuyu awe mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, na Marshall akaandika rasimu ya sehemu ya haki za raia. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwatetea walio wachache na wasio na nguvu katika nchi yake alifika kwetu kutafuta namna ya kuwalinda walio wachache katika nchi itakayotawaliwa na Waafrika. Julai ya mwaka huohuo Mboya alikwenda Hyannis Port kuonana na John Kennedy, mgombea urais wa Democratic, akitafuta nauli za ndege za wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopata nafasi za vyuo Marekani. Mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Upande wa mpinzani wake wa Republican, Richard Nixon, ukalalamika, jambo likafika Seneti, likawa habari ya kampeni. Sababu iko wazi: katika miji ya Kaskazini watu weusi walikuwa na kura, na vyama vyote viwili vilizihitaji.

Hoja ya nne: waliobisha hodi Atlantic City

Sasa nafika kwenye kiini cha mhadhara huu, na nitakaa hapo.

Mwaka 1964 zaidi ya watu wanne katika kila kumi wa jimbo la Mississippi walikuwa weusi. Walioandikishwa kupiga kura hawakufika asilimia saba yao. Fannie Lou Hamer alikuwa mmoja wa waliojaribu. Alizaliwa mwaka 1917, wa mwisho kati ya watoto ishirini, akakulia kwenye mashamba ya pamba. Agosti 1962 alipanda basi na wenzake kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Jioni aliporudi shambani, mahali alipofanya kazi miaka 18, mwenye shamba akamwambia aondoe ombi lake au aondoke yeye. Akaondoka usiku uleule. Juni mwaka uliofuata alikamatwa na wenzake katika mji wa Winona wakitoka kwenye mafunzo. Ndani ya mahabusu polisi waliwaamuru wafungwa wampige. Madhara ya kipigo kile alikaa nayo hadi kufa kwake.

Wanachama weusi wa Mississippi walipofungiwa vikao vya Democratic vya jimbo lao, walifanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia kwa upangaji wake. Waliitisha vikao vyao wenyewe, kuanzia mtaa hadi jimbo, kwa kufuata kanuni za chama neno kwa neno. Wakaunda chama chao cha Mississippi Freedom Democratic Party, kilichomkaribisha mtu wa rangi yoyote. Wakachagua wajumbe 68, Aaron Henry, mfamasia wa Clarksdale, akiwa mwenyekiti. Wakapanda mabasi hadi Atlantic City, mji wa pwani ulioandaa mkutano mkuu, wakawaambia wakuu wa chama: wajumbe halali wa Mississippi ni sisi, kwa maana wale wengine wamepatikana kwa kuwafungia watu mlango.

Tarehe 22 Agosti 1964 Bi. Hamer aliketi mbele ya kamati ya hati za wajumbe, kamera za televisheni zikiwa zimewashwa. Hakusoma karatasi. Alitaja jina lake na anwani yake, akasimulia basi la Indianola, shamba alilofukuzwa, na chumba cha mahabusu cha Winona. Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa anangoja kuteuliwa bila kupingwa, aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari Ikulu ili kamera zimhamie yeye. Zikahama. Lakini jioni vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wa Bi. Hamer, saa ambayo Wamarekani wengi walikuwa nyumbani, na simu na telegramu zikamiminika.

Johnson aliogopa kwamba akiwakubali hawa, Kusini yote itamhama. Likaletwa pendekezo: viti viwili, wakuu wa chama wakichagua wenyewe nani avikalie, yaani Aaron Henry na mchungaji mzungu Ed King, pamoja na ahadi kwamba kuanzia 1968 ujumbe wowote unaobagua hautapokelewa. Wazee wa harakati za haki za watu weusi, watu wa heshima kabisa, waliwashauri wapokee. Hubert Humphrey, rafiki wa haki za watu weusi kwa miaka mingi, ndiye aliyetumwa kuwashawishi. Wajumbe wa Mississippi wakapiga kura wakakataa. Bi. Hamer alisema hawakusafiri mbali vile kwa ajili ya viti viwili.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba walikosea, kwamba siasa ni kupokea kilichopo. Mimi naamini walikuwa sahihi. Kukubali wengine wachague nani awasemee kungekuwa kurudia kilekile walichosafiri kukipinga. Na Johnson hakuiokoa Kusini kwa kuwakatalia: Novemba alipoteza majimbo matano ya huko, na Mississippi ikampa mgombea wa Republican, Barry Goldwater, asilimia 87 ya kura.

Ahadi ya 1968 ilitimizwa. Wajumbe wabaguzi wa Mississippi hawakupokelewa mkutanoni Chicago, na Bi. Hamer alipoingia ukumbini kuchukua kiti chake watu walisimama kumpigia makofi. Lakini mkutano huohuo ukaonyesha kwamba mlango ulikuwa bado mwembamba. Vita vya Vietnam vilikuwa vimemtoa Johnson kwenye kinyang'anyiro mwezi Machi, Robert Kennedy aliuawa Los Angeles mwezi Juni usiku wa ushindi wake wa mchujo wa California, na uteuzi ukaenda kwa makamu wa rais Humphrey, ambaye hakushiriki mchujo hata mmoja. Nje ya ukumbi polisi waliwapiga vijana kwa virungu, televisheni ikiwaonyesha. Nixon akashinda Novemba kwa tofauti isiyofika asilimia moja ya kura za wananchi.

Kutoka katika aibu hiyo ikazaliwa tume, kwanza chini ya Seneta George McGovern kisha mbunge Donald Fraser. Iliagiza uchaguzi wa wajumbe uwe wa wazi, ufanyike ndani ya mwaka wa uchaguzi, na uwaingize wanawake, vijana na watu weusi. Majimbo mengi yaliona njia rahisi ya kutimiza hayo ni kuandaa mchujo. Republican nao wakafuata, kwani sheria nyingi za majimbo zilihusu vyama vyote viwili. Mlango ambao wabunge waliushika, kisha mabwana wa vyama, sasa ulikuwa mikononi mwa mpigakura.

Mwaka 1972, mwaka wa kwanza wa kanuni mpya, Shirley Chisholm wa Brooklyn, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mbunge wa Marekani, aligombea uteuzi wa Democratic na kupata kura zipatazo 152 za wajumbe. Hakushinda, na hakutarajiwa kushinda. Mshindi alikuwa McGovern mwenyewe, aliyeshindwa na Nixon katika majimbo 49. Wapinzani wa mageuzi wanakumbusha hilo kila mara, na wana haki ya kulikumbusha.

Hoja ya tano: hesabu nayo ni siasa

Wajumbe wanagawanywaje baada ya mchujo? Swali linachosha, najua. Lakini mbele ya swali hilo marais wamepatikana na wengine wamekosekana.

Mwaka 1988 mchungaji Jesse Jackson alipata karibu kura milioni saba katika michujo ya Democratic, akawa wa pili nyuma ya Michael Dukakis. Alilalamika kwamba kanuni za majimbo kadhaa zilimpa mshindi wajumbe wengi kuliko kura zake. Chama kikakubali kwamba kuanzia hapo wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura, kila mahali. Jackson hakuwa rais. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Februari 2008, Hillary Clinton alishinda New Jersey, jimbo lililopigiwa kura zaidi ya milioni moja, akapata wajumbe 59 dhidi ya 48 wa Obama. Siku hiyohiyo Obama alishinda Idaho, katika vikao vya matawi vilivyohudhuriwa na watu elfu ishirini na kidogo, akapata 15 dhidi ya 3. Pigeni hesabu: Clinton alipata nyongeza ya wajumbe 11 New Jersey, Obama 12 Idaho. Watu wa Obama walikuwa wamezisoma kanuni, wakafungua ofisi mahali ambapo upande wa Clinton haukuona sababu ya kwenda.

Republican waliacha majimbo mengi yampe mshindi wote au karibu wote. Mwaka 2016 walijitokeza wagombea 17. South Carolina, Donald Trump alipata asilimia 32 na nusu ya kura, akachukua wajumbe wote 50. Viongozi wengi wa chama hawakumtaka, ila hawakuwa tena na chumba cha kukutania. Michujo ile huvuta chini ya theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura, na wanaokuja ni wenye hamasa kuliko wengine. Huo ni udhaifu halisi wa mageuzi ninayoyasifu, na sioni kama umepata dawa.

Hoja ya sita: mlango unaweza kurudi ndani

Kwa ufupi. Mwaka 2024 Rais Joe Biden alishinda takriban wajumbe wote wa michujo ya chama chake. Baada ya mdahalo wa Atlanta tarehe 27 Juni, viongozi na wafadhili wakaanza kumshinikiza, na tarehe 21 Julai akajitoa. Mwanzoni mwa Agosti wajumbe walimteua Kamala Harris kwa kura ya mtandaoni, bila mchujo wowote. Hapakuwa na muda wa jingine, na kanuni hazikuvunjwa. Lakini watu wa chama, kwa siku chache, walifanya kazi ileile iliyofanywa Wigwam, safari hii bila duru ya pili wala mshindani. Harris alipata kura 226 za wajumbe, Trump 312.

Tunakoelekea

Uchaguzi ujao wa rais ni Novemba 2028. Marekebisho ya 22 ya Katiba yanamzuia Trump kuchaguliwa tena, kwa hiyo vyama vyote viwili vitatafuta mtu mpya. Nawashauri msisubiri Novemba. Anzeni kufuatilia mapema, pale Democratic wanapopigania jimbo lipi lianze. Mwaka 2024 waliipa nafasi ya kwanza South Carolina, jimbo lenye wanachama wengi weusi, wakaiondoa Iowa. New Hampshire, ambayo sheria yake ya jimbo inaidai nafasi hiyo, ikapiga kura mapema hata hivyo. Angalieni kama Republican watagusa kanuni ya mshindi kuchukua wote. Angalieni majimbo yatakayowaruhusu wasio wanachama kushiriki mchujo na yatakayowazuia.

Na ninalo ombi kwa watafiti vijana. Vyama vyetu vya Afrika Mashariki navyo vina vikao vya mchujo, kamati kuu, rufaa na majina yanayokatwa usiku. Historia ya mambo hayo haijaandikwa inavyostahili kwa Kiswahili. Wazee waliokaa katika vikao vya miaka ya sitini na sabini wangali hai, wachache, na wengine wako mjini humuhumu. Nendeni na vinasa sauti mwaka huu, muwaulize nani alikuwa ameshika mlango, na nani alibisha hodi akarudishwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nawakaribisha kwa maswali, nikianza na dada yule aliyeinua mkono tangu hoja ya pili.